Somo la Usalama Kazini: Kusoma Joto la Hewa ya Juu Bila Kudanganywa na Namba



Sisi tuliokulia katika mashamba ya chai tumezoea kuitazama hewa kwa macho. Tukiona ukungu umelala bondeni, twasema leo jua litachelewa. Tukiona moshi wa jikoni umepanda kidogo kisha ukatandaa kama mkeka juu ya mapaa ya kambi, twasema ni baridi ya asubuhi tu, na tunakwenda kazini.

Siku hizi ziko programu za kompyuta, na hata za simu, zinazoonyesha joto la hewa kuanzia chini tunapokanyaga mpaka juu kupita ndege za abiria. Nyingi hupatikana bila malipo. Vijana wetu waliosoma wanajua kuzifungua. Lakini kufungua ni jambo moja, na kuelewa namba ni jambo jingine. Sisi wa halmashauri ya tawi tulizifungua, tukazisoma vibaya, tukaaibika mbele ya meneja. Katika somo hili tutaeleza kosa letu ili ninyi msilirudie, kisha tutaeleza namba hizo zinaweza kumsaidia nini mpiga dawa shambani na mwenzake wa kiwandani.

JAMBO LILIVYOANZA

Katika shamba moja, ambalo hatutalitaja jina, kikundi cha wapiga dawa ya magugu kilikuwa kikianza kazi saa moja kasorobo asubuhi, jua halijachomoza. Nyapara alisema huo ndio wakati mzuri kwa sababu hakuna upepo, na dawa haitapeperuka. Nasi tuliona ni maneno ya akili. Nani asiyejua kwamba upepo hupeleka dawa kwa jirani?

Lakini asubuhi zile za utulivu ndizo zilizoleta malalamiko. Dawa ilipigwa juu ya kilima, na harufu yake ikafika kambini bondeni. Watoto waliokuwa wakinawa uso bombani waliwashwa macho wakakohoa. Akina mama walikuta majani ya maharage yao yamekunjamana. Wapiga dawa wenyewe walisema asubuhi ya namna ile dawa huwaelea usoni kama moshi wa sigara, haitaki kuondoka. Tulipopeleka habari ofisini tulijibiwa: "Hapakuwa na upepo. Dawa ingefikaje huko?"

Swali hilo lilikuwa na jibu, lakini sisi hatukuwa nalo. Mtoto wa mwanachama wetu mmoja, aliyekuwa akisoma chuo, akatuambia jibu liko katika joto la hewa ya juu. Akatufungulia programu. Tukaona safu za namba, tukafurahi. Haraka ndiyo iliyotuponza.

NAMBA HIZO ZINATOKA WAPI

Kila siku, katika vituo vya hali ya hewa mahali pengi duniani, hurushwa puto kubwa lililojazwa gesi nyepesi. Chini ya puto hufungwa kisanduku kidogo chenye vipimo na redio. Puto hupanda karibu mita 300 kila dakika, na kisanduku hutuma habari chini: joto, unyevu na kanieneo ya hewa. Kanieneo ni uzito wa hewa iliyo juu yetu. Kadiri tunavyopanda, hewa iliyobaki juu hupungua, na kanieneo hupungua pia. Puto likifika juu sana, kilomita 30 au zaidi, hupasuka, na kisanduku huanguka. Mfaransa Robert Bureau alirusha kisanduku chenye redio cha namna hii mwaka 1929, na Mrusi Pavel Molchanov mwaka 1930. Kabla ya hapo vyombo viliandika vipimo vyenyewe, na ilibidi viokotwe vilikoanguka. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Mjerumani Arthur Berson alikuja mwaka 1908 akarusha maputo ya utafiti katika Ziwa Viktoria. Basi kazi hii si ngeni katika nchi zetu.

Saa za kupima ni mbili kwa dunia nzima: saa 00 na saa 12 za saa ya kimataifa. Kwa Uganda, Kenya na Tanzania, hizo ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Kwa Rwanda na Burundi ni saa nane. Hapo ndipo mtego wa kwanza. Ukiona "00" usidhani ni saa sita za usiku kwetu. Na ukichukua jedwali la saa 12, umechukua joto la alasiri. Halitakuambia lolote juu ya alfajiri.

MAANA YA SAFU ZA JEDWALI

Majedwali mengi, kama yale yanayojulikana sana ya Chuo Kikuu cha Wyoming cha Marekani, huwa na safu zenye vichwa vya herufi chache. Zilizo muhimu kwetu ni hizi.

PRES ni kanieneo. Karibu na usawa wa bahari huwa kama 1000. Mahali penye kimo cha mita 1,500 huwa karibu 850.

HGHT ni kimo kwa mita. Angalieni: kimo hiki huhesabiwa kutoka usawa wa bahari, si kutoka udongo wa shamba lako. Kama shamba liko mita 1,500, basi mstari wa 1,600 ni mita 100 tu juu ya kichwa chako.

TEMP ni joto lenyewe la hewa, kwa digrii za Selsiasi. Hili ndilo joto ambalo kipimajoto kingeonyesha kama ungekitundika pale.

DWPT ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa hiyo ikipoa kulifikia, maji yaliyomo huanza kuwa umande au ukungu. Likikaribiana na TEMP, hewa imelowana; likiwa mbali, hewa ni kavu. Haliwezi kuzidi TEMP. Ukiona limezidi, ama umekosea safu, ama chombo kimeharibika.

THTA ndiyo iliyotuangusha. Namba zake ni kubwa, 299, 306, 309, kwa sababu zimeandikwa kwa kipimo cha Kelvini. Kelvini ni digrii za Selsiasi ukijumlisha 273. Lakini hata ukitoa 273 hupati joto la mahali pale. THTA ni joto ambalo hewa ile ingekuwa nalo kama ingeshushwa mpaka penye kanieneo ya 1000, karibu na usawa wa bahari. Aliyejaza upepo gurudumu la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto. Hewa ikigandamizwa hupata joto, ikitanuka hupoa. Hewa isiyo na wingu hupata karibu digrii 1 kwa kila mita 100 inazoshuka, na hupoteza digrii 1 kwa kila mita 100 inazopanda.

Programu nyingine huongeza THTE, inayohesabu pia joto lililofichwa katika mvuke wa maji, na THTV, inayosahihisha wepesi wa hewa yenye mvuke. Zote mbili ni za Kelvini, na zote ni hesabu za kompyuta. Hakuna kipimajoto kilichozisoma.

Sasa mtaelewa aibu yetu. Tulikwenda kwa meneja tukasema: "Tazama, chini ni 299, juu ni 306, juu zaidi ni 309. Joto linaongezeka kwenda juu. Hewa imefunikwa." Msaidizi wake alikuwa mtu aliyesoma. Akalifungua jedwali la alasiri, akatuonyesha kwamba safu hiyohiyo inaongezeka wakati huo pia, mpaka juu mbinguni. Akauliza: "Kwa hesabu yenu, dawa itapigwa siku gani?" Hatukuwa na jibu. THTA huongezeka kwenda juu karibu siku zote, ama hubaki sawa pale hewa ilipochanganyika vizuri. Kuongezeka kwake peke yake hakuonyeshi kifuniko. Alikuwa sahihi, nasi tulikuwa tumesoma safu isiyo yake.

Malalamiko ya watoto yalikuwa ya kweli, lakini tuliyapelekea ushahidi mbovu, na ushahidi mbovu uliyafanya yaonekane ya uongo. Kwa miezi miwili baadaye kila tulipotaja kompyuta ofisini watu walicheka.

KIFUNIKO CHA HEWA

Tulirudi darasani. Hapa chini tumetunga jedwali dogo la kujifunzia, la bonde lenye kimo cha mita 1,500, alfajiri baada ya usiku usio na mawingu.

Kimo 1,500: kanieneo 850, joto 13, umande 12, THTA 299.8
Kimo 1,600: kanieneo 840, joto 15, umande 11, THTA 302.9
Kimo 1,700: kanieneo 830, joto 17, umande 9, THTA 306.0
Kimo 1,900: kanieneo 811, joto 16, umande 8, THTA 307.0
Kimo 2,500: kanieneo 755, joto 12, umande 6, THTA 309.0

Fuateni safu ya joto peke yake. Bondeni ni 13. Mita 100 juu ni 15. Mita 200 juu ni 17. Baada ya hapo ndipo linaanza kushuka: 16, kisha 12. Kwa kawaida joto hupungua tukipanda. Kwa wastani karibu digrii 6.5 kwa kila kilomita moja. Hapa mambo yamegeuka. Hewa baridi iko chini, na hewa ya joto iko juu yake. Wataalamu huita hali hiyo mgeuko wa joto. Sisi tunaiita kifuniko.

Kwa nini hufunika? Hewa baridi ni nzito, haiwezi kupanda kupita hewa nyepesi ya joto iliyo juu yake. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake, hewa inayoigusa hupoa, nayo huteremka polepole kutoka kilimani kama maji mpaka bondeni. Asubuhi bonde limekuwa bakuli lenye mfuniko. Moshi, vumbi, gesi na matone madogo ya dawa hubaki ndani ya bakuli. Matone makubwa huanguka penye magugu. Yale madogo sana huelea, na hewa inayoteremka huyachukua taratibu kuelekea bondeni. Na bondeni ndiko kuliko kambi, bomba na kijito.

Hilo ndilo jibu la swali la meneja. Dawa ilifika bila upepo kwa sababu utulivu ule ulikuwa dalili ya kifuniko. Upepo mdogo wa mchana huchanganya hewa, hutawanya dawa na kuipunguza nguvu. Utulivu wa alfajiri huikusanya na kuipeleka pamoja. Nchini Marekani, mwaka 2017, dawa ya magugu iitwayo dikamba ilihama kutoka mashamba ilikopigwa ikadhuru soya za majirani, eneo lililokadiriwa kuwa eka milioni 3.6. Mgeuko wa joto ulikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa. Mwaka uliofuata serikali ya huko iliamua lebo ya dawa hiyo ikataze kuipiga kabla ya saa moja kupita tangu jua kuchomoza. Kama sheria hiyo ilifaa kulinda soya za tajiri, yafaa pia kulinda mapafu ya kibarua.

KIFUNIKO HUFUNGUKA LINI?

Hapa ndipo namba zinapotusaidia kweli, tena kwa hesabu ya darasa la nne. Tafuta mahali pa juu ya kifuniko, pale joto lilipoacha kuongezeka. Katika mfano wetu ni mita 1,700, na joto lake ni 17. Ishushe hewa hiyo mpaka bondeni: ni mita 200, yaani ongeza digrii 2. Jibu ni 19. Basi jua likiipasha hewa ya bondeni ikafika digrii 19, hewa ya chini itaweza kupanda mpaka juu na kifuniko kitakuwa kimefunguka. Ikiwa bado 15 au 16, kifuniko kipo, hata kama jua linawaka usoni mwako.

Na hapa THTA, iliyotuaibisha, inakuwa rafiki. Ukiigeuza 306.0 ya mita 1,700 irudi kwenye kanieneo ya bondeni, unapata digrii 19 zilezile. Ndiyo kazi yake: kulinganisha hewa za vimo mbalimbali kama zimewekwa kwenye mizani moja. Haikutengenezwa ili kutuambia kama tuvae sweta.

MCHORO WENYE MISTARI ILIYOINAMA

Programu nyingi huonyesha pia mchoro. Una mistari miwili minene: wa kulia ni joto, wa kushoto ni kiwango cha umande. Mtego wake ni kwamba mistari ya digrii haikusimama wima. Imeinama kuelekea kulia kadiri inavyopanda. Ukitaka kujua joto la kimo fulani, usishuke wima kama unavyosoma kalenda. Shuka ukifuata mstari ulioinama mpaka chini kwenye namba. Mtu anayeshuka wima atasoma joto kubwa kuliko lililopo, na kadiri kimo kinavyokuwa juu ndivyo kosa linavyokuwa kubwa. Kwa sababu hiyohiyo, mstari wa joto uliosimama wima katika mchoro una maana kwamba joto linapungua. Kifuniko huonekana pale mstari wa joto unapolala kulia kuliko mistari ya digrii yenyewe.

Mara nyingi kuna mstari wa tatu, wa vitone au wa rangi nyingine. Huo haukupimwa na puto. Ni kompyuta inayokisia: kama hewa ya chini ingepandishwa, ingekuwa na joto gani? Mstari huo ukiwa kulia mwa mstari wa joto, hewa ikishapanda itaendelea kupanda yenyewe, na mawingu makubwa ya mvua na radi yanaweza kujengeka. Lakini hapo msisubiri kompyuta. Mkisikia ngurumo, tokeni shambani mwingie katika jengo imara.

JINSI YA KUJUA NAMBA SI MBOVU

Kabla ya kupeleka namba yoyote ofisini, ipitisheni katika maswali haya.

Kwanza, joto la chini linafanana na nchi yetu? Kama jedwali linasema 68 mahali penye baridi ya asubuhi, huenda ni Farenhaiti; 68 ya Farenhaiti ni 20 ya Selsiasi. Kama linasema 293, ni Kelvini; nayo pia ni 20.

Pili, sifuri iko wapi? Katika nchi zetu za ikweta joto hufika digrii 0 kwenye mita 4,500 hadi 5,000 hivi. Ndiyo maana barafu ya Ruwenzori iko karibu na vilele. Kilele chake kirefu, Margherita, ni mita 5,109. Programu ikionyesha 0 kwenye mita 2,000 juu ya bonde la chai la ikweta, mna karatasi ya nchi nyingine.

Tatu, kuna namba kama -9999? Hiyo si baridi. Ni alama ya programu kwamba pale hapakuwa na kipimo.

Nne, jedwali limepimwa au limetabiriwa? Programu nyingi za simu huonyesha utabiri wa kompyuta uliochorwa kama vile puto limerushwa kijijini kwenu. Someni kichwa cha ukurasa: jina la kituo, tarehe na saa.

PUTO LIKO MBALI, VIPIMAJOTO VIWILI VIKO KARIBU

Kuna jambo la nne ambalo msomi yule wa ofisini angeweza kutushinda nalo, na safari hii tuliliwahi. Vituo vya maputo ni vichache. Puto lililorushwa Nairobi lilipima hewa ya Nairobi. Halikupima bonde letu. Linatufundisha umbo la hewa, lakini haliwezi kushuhudia asubuhi ya shamba lililo mamia ya kilomita kutoka hapo.

Kwa hiyo tulinunua vipimajoto viwili vya kawaida. Kwanza tuliviweka pamoja kivulini usiku mmoja kuona kama vinakubaliana. Kisha tukakitundika kimoja bondeni karibu na kambi na kingine kilimani, mita 100 juu yake kwa ramani ya shamba. Vyote viwili viliwekwa kwenye kimo cha kifua cha mtu, kivulini, mbali na ukuta na bati. Mwenzetu mmoja alisoma cha chini na mwingine cha juu, kila nusu saa, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi. Waliandika katika daftari pamoja na alama ya moshi: unapanda, au umelala.

Kanuni ni fupi. Cha juu kikiwa na joto kuliko cha chini, kifuniko kipo. Vikiwa sawa, bado. Cha chini kikikizidi cha juu kwa digrii 1 hivi kwa tofauti ya mita 100, hewa imechanganyika na kifuniko cha karibu kimefunguka. Asubuhi zisizo na mawingu, daftari letu lilionyesha kifuniko mpaka karibu saa tatu. Asubuhi za mawingu mazito mara nyingi hakikuwapo kabisa. Tuliandika siku hizo pia, hata kama hazikutusaidia, kwa sababu daftari lenye siku za upande mmoja tu haliaminiki.

SOMO KWA WENZETU WA VIWANDANI

Msidhani hili ni jambo la chai peke yake. Desemba 1930, katika bonde la mto Meuse huko Ubelgiji, moshi wa viwanda ulifungiwa na kifuniko kwa siku kadhaa, na watu zaidi ya 60 wakafa. Mwishoni mwa Oktoba 1948, mji wa Donora katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ulifunikwa hivyohivyo pamoja na moshi wa viwanda vya chuma na zinki. Watu 20 walikufa na maelfu wakaugua katika mji wa watu kama 14,000. Kiwanda cha zinki kilipunguza moto asubuhi ya Jumapili tarehe 31 tu, na mvua ndiyo iliyosafisha bonde. Watu wa Donora walikuwa wakila kwa kazi ya viwanda vilevile, wakaogopa kuipoteza. Hata hivyo chama cha wafanyakazi wa chuma kilitoa dola 10,000 ili uchunguzi ufanywe. Desemba 1952 jiji la London likapatwa. Hesabu ya kwanza ilikuwa watu kama 4,000 waliokufa. Kote huko moshi ulikuwapo siku zote. Kilichoongezeka ni kifuniko.

TULIVYOPATANA

Tuliporudi ofisini na daftari, msaidizi wa meneja alilisoma kwa dakika nyingi, akaomba kulikagua mwenyewe kilimani kwa siku tatu. Alipoona namba zake ni kama zetu, hakucheka tena.

Lakini ugumu wa pili ulitoka kwa wenzetu. Wapiga dawa hulipwa kwa kipande. Aliyeanza saa moja kasorobo humaliza mapema, akaenda kulima shamba lake. Walituambia: "Mnatulinda na dawa, mnatuletea njaa. Tukianza saa tatu tutamaliza jua la utosi, ndani ya mavazi ya mpira." Hawakuwa wakorofi. Walisema kweli. Halmashauri inayosema usalama bila kutaja mshahara inamtwika mfanyakazi gharama ya usalama wake.

Basi tulidai mambo mawili kwa pamoja, tukayapata baada ya vikao vingi. Siku yenye kifuniko, kikundi huanza kwa kazi nyingine, kupalilia kwa jembe au kusafisha mifereji, na kazi hiyo huhesabiwa ndani ya kipande. Na kipande cha dawa cha siku hiyo hupunguzwa ili kazi iishe kabla ya jua kali na upepo wa mchana. Vipimajoto husomwa na watu wawili, mmoja wa ofisi na mmoja wa chama. Bado ziko asubuhi nyapara anapoharakisha. Daftari ndilo linalomrudisha.

Jueni pia kwamba Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unasema wafanyakazi wa kilimo wana haki ya kuarifiwa na kushauriwa juu ya usalama na afya, na haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu bila kuadhibiwa kwa kufanya hivyo. Nchi nyingine zimeuridhia, nyingine bado. Katibu wa tawi aulize kwenu ikoje.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Bonde la kituo chenu cha kazi liko wapi, na kambi iko juu au chini ya mahali panapopigwa dawa au kutoka moshi?

2. Jedwali linasema: kimo 1,200, joto 18, kimo 1,350, joto 20, kimo 1,600, joto 18. Kifuniko kinaishia kimo gani? Hewa ya chini lazima ifike digrii ngapi ili kifunguke? (Jibu: mita 1,350, digrii 21 na nusu.)

3. Mwenzenu amekuja na namba 303 akisema ni joto la shamba. Mtamwuliza nini kabla ya kumpeleka kwa meneja?

4. Kazi ikichelewa kuanza kwa ajili ya usalama, nani atalipa saa hizo? Andikeni dai lenu kwa sentensi mbili.

Ndugu, kompyuta haina chama. Humtumikia anayejua kuisoma. Anzeni na vipimajoto viwili na daftari moja, someni safu iliyo sahihi, na andikeni siku zote, nzuri na mbaya. Nasi tutasubiri daftari zenu katika semina ijayo.